Okidi ya chui kutoka Kilifi inaniozea Nairobi, nifanyeje?

Binti wa Takaungu:
Habari za jioni wadau. Aprili nilikwenda kwa shangazi Kilifi nikakuta tawi la mbuyu limeanguka shambani, na juu yake fungu kubwa la okidi, ile ya maua ya manjano yenye madoa ya kahawia. Tawi lilikuwa linakwenda kuchomwa. Nikabandua kipande chenye mashina matano marefu kama miwa myembamba, nikakifunga kwenye gunia, nikapanda nacho basi.

Nakaa Kasarani, ghorofa ya tatu, roshani inaangalia mashariki. Niliipanda kwenye ndoo yenye udongo mwekundu na samadi, namwagilia kila jioni. Tangu baridi ianze majani yanageuka manjano, na jana nilipobonyeza shina moja lilitoa maji yanayonuka. Tena kuna vizizi vyeupe, vikali kama sindano, vinavyoelekea juu. Huo nao ni ugonjwa? Naipenda mno, sitaki ife mikononi mwangu.

Mkulima wa Ruaka:
Dada, itoe kwenye udongo leo hii. Hiyo okidi ya chui kitaalamu ni Ansellia africana, na kwao ni juu ya miti. Haiunyonyi mti, inaushika tu. Mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe kama sponji, inafyonza mvua upesi kisha inakaushwa na upepo. Kwenye udongo na samadi imekosa hewa, ndiyo maana inaoza.

Pitisha kisu kwenye moto, kata kila kilicholainika mpaka ufike penye nyama ngumu, safi. Kidonda kipake unga wa mdalasini. Kisha iache kivulini siku tatu bila tone la maji.

Hizo sindano usiziguse! Ndizo kikapu chake. Majani makavu yanayodondoka mtini hunasa humo, yanaoza polepole, nayo inapata chakula.

Msitu Wetu:
Niulize kwa heshima: tawi lilikuwa limeanguka kweli? Nauliza kwa sababu watu wanazing'oa kwenye mibuyu hai kwenda kuziuza. Mbegu za okidi ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula, na porini hazioti bila kuvu wa kuzilisha. Fungu likiondolewa, pengo lake halizibiki leo wala kesho. Kuivusha mpaka wa nchi pia kunahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Binti wa Takaungu:
Lilianguka kwa upepo, ndugu, na fungu lililobaki shangazi amelifunga kwenye mwembe wake. Nashukuru umeuliza. Sasa niipande kwenye nini?

Mzee wa Vyungu:
Chungu cha udongo wa kufinyanga, kidogo, chenye matundu makubwa. Jaza vipande vya makaa ukubwa wa kidole gumba pamoja na makumbi ya nazi yaliyolowekwa siku kadhaa ili chumvi itoke. Mashina yakae juu, yasifukiwe. Yangu ina mwaka wa tisa hivyo.

La muhimu zaidi ni baridi. Kilifi ni pwani, Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Okidi hii huvumilia usiku wa Julai ikiwa kavu. Baridi na maji kwa pamoja ndivyo vinavyoiua. Mpaka mwisho wa Agosti ipe maji kidogo sana, saa nne asubuhi, tena pale tu mashina yanapoanza kunyauka. Vichipukizi vikitoka ndipo uongeze maji, na mbolea robo ya kipimo cha pakiti.

Mkulima wa Ruaka:
Naongeza: jua la asubuhi inalihitaji sana. Majani yakiwa kijani kizito, jua halitoshi na maua usiyatarajie. Yanatakiwa yaelekee kijani cha limau. Mimi lakini ningeifunga kwenye ubao, makumbi hukaa na maji mno.

Mzee wa Vyungu:
Ubao kwenye roshani yenye upepo utamtaka amwagilie kila siku wakati wa kiangazi. Kama anakwenda kazini, chungu ni salama zaidi.

Binti wa Takaungu:
Nimeikata usiku huu. Mashina mawili yamekwenda, matatu ni magumu. Moja lina jicho la kijani chini kabisa, dogo kama punje ya mtama. Nimeining'iniza kwa uzi kwenye dirisha la jikoni, mbali na maji, na kesho jioni nikitoka kazini napitia kununua makaa.