Ramani ya zahanati imetoka, lakini wagonjwa hukaa chini ya mti: tufanyeje?

Katibu wa Kamati (Singida)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi katika kijiji kimoja mkoani Singida ambacho, baada ya miaka mingi ya kutibiwa katika nyumba ya kupanga, kinakaribia kuchimba msingi wa zahanati yake. Wananchi wamekwisha kusomba mawe na mchanga, tofali za kuchoma ziko tanuri la pili, na halmashauri imetupatia ramani pamoja na makadirio ya gharama.

Kinachonisumbua ni hiki. Katika nyumba tunayotumia sasa kuna chumba cha kusubiria chenye mabenchi manne, lakini siku ya kliniki ya watoto utakikuta kimejaa maboksi ya dawa, akina mama wote wako nje chini ya mwembe, na muuguzi anatoka mlangoni kuita majina. Nilidhani ni mazoea tu, mpaka siku moja nilipokaa humo ndani saa saba mchana, joto la bati likanitoa kabla ya robo saa. Ramani mpya ina chumba cha namna ileile, katikati ya jengo, chenye dirisha upande mmoja. Tena, kwa jinsi jengo lilivyolazwa kwenye kiwanja, mkwaju mkubwa uliopo pale utalazimika kukatwa.

Tuliitisha mkutano wa hadhara tukaomba maoni. Watu walisema ramani ni nzuri, wakashukuru, wakaondoka. Naomba kujua jinsi ya kupata maoni ya kweli, na ni mambo gani yanaweza kurekebishwa bila kuvuruga ramani tuliyopewa.

Msanifu wa Majengo (Dodoma)

Ndugu Katibu, hiyo robo saa uliyokaa ndani ya chumba kile ina thamani kuliko mkutano mzima. Mkutano wa hadhara haukupi maoni juu ya ramani kwa sababu walio wengi hawakuzoea kusoma michoro, na mtu asiyeelewa mchoro hawezi kuukosoa mbele ya diwani na mtendaji. Lichoreni jengo chini, kwa ukubwa wake halisi, kwa majivu au kwa vigingi na kamba, kisha mwombeni mama mwenye mtoto mgongoni atembee humo tangu anapoingia hadi anapochukua dawa. Fanyeni hivyo na wanawake peke yao, halafu na wazee, halafu na mtu anayetembea kwa magongo. Watakaposimama mahali pa mlango wataanza kusema.

Kuhusu chumba cha kusubiria, mfano ninaoupenda ni Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011. Iliwajengea wasiwasi wabunifu wake, MASS Design Group, ile habari ya Tugela Ferry huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambako mwaka 2006 ulimwengu ulitangaziwa mlipuko wa kifua kikuu sugu kilichokuwa kikiambukizwa ndani ya hospitali yenyewe. Mtu alikuja na ugonjwa mmoja, akapumua hewa ya wenzake, akaondoka na mwingine. Butaro, kwa hiyo, ujia wa ndani uliondolewa. Watu hupita na kusubiri nje, kwenye veranda zilizoezekwa. Wodini, vitanda vimepangwa katikati vikiegemea ukuta mfupi, mgonjwa akitazama dirisha na milima, badala ya kumtazama mgonjwa mwenzake. Wodi zina madirisha pande zote mbili, hewa iliyotumika hutokea juu, na feni kubwa huisukuma.

Ninyi hamhitaji feni hizo. Fikirieni kuligeuza jengo ili pande zake fupi zitazame mashariki na magharibi, kwa kuwa jua la asubuhi na la alasiri huja kwa chini na upenu hauwezi kulizuia, ilhali jua la mchana liko juu na upenu wa kawaida unatosha. Wekeni madirisha yanayotazamana, na matundu ya hewa juu ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Chumba cha kusubiria kifanyeni veranda pana upande wa mkwaju. Mwandikieni mhandisi wa halmashauri sasa, mkiambatanisha mchoro, kwa maana msingi ukishachimbwa hakuna atakayewasikiliza.

Fundi Mstaafu

Msanifu amesema vizuri, ila wasanifu wana desturi ya kusahau mchwa. Veranda pana inataka kenchi ndefu, bati za ziada na nguzo, na nguzo za mbao katika ardhi ya Singida hazitamaliza miaka mingi. Jengeni nguzo za tofali juu ya msingi wa mawe, na fedha za nyongeza zionekane kwenye makadirio mapema, maana nimeona maboma mengi yaliyoishia kwenye lenta kwa sababu kamati iliongeza jambo zuri katikati ya safari.

Joto hilo la bati lina dawa yake. Francis Kéré, mwana wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, alimaliza shule ya msingi ya kijijini kwao mwaka 2001 akiwa bado anasomea ubunifu mjini Berlin. Kuta ni za tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa. Juu ya madarasa kuna dari la tofali, na paa la bati limeinuliwa mbali na dari, likashikiliwa na fremu ya nondo nyembamba zilizochomelewa palepale, kwa kuwa hapakuwa na winchi ya kunyanyulia vyuma vizito. Upepo hupita kati ya dari na bati ukaondoka na joto. Shule ile ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani. Wanakijiji wenzake, hata hivyo, walikuwa na mashaka na udongo, kama watakavyokuwa wa kwenu. Hapo msibishane. Lowekeni tofali moja kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi kila mtu ajionee mwenyewe.

Jambo moja zaidi. Sisi tukisema nguvu kazi ya wananchi tunamaanisha kubeba tu: maji, mawe, mchanga. Kule Butaro wakazi wa eneo hilo walifundishwa kuchonga na kupanga jiwe la volkano, lile ambalo mkulima aliliona kero shambani, na kazi hiyo wakaondoka nayo. Kila fundi wenu apewe vijana wawili wa kijiji wa kufundishwa. Bati likivuja baada ya mvua tatu, mtapata wa kulipanda bila kusubiri gari la halmashauri.

Muuguzi Mkunga

Nimefanya kazi katika zahanati tatu, nami sikubaliani kabisa na veranda iliyo wazi pande zote. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa Singida unakata, tena una vumbi, na mtoto wa wiki sita anavuliwa nguo zote ili apimwe uzito. Wekeni ukuta wa kufika kiunoni upande wa upepo.

Lakini linaloniuma zaidi ni milango. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, mlango wa chumba cha ushauri wa VVU ulitazamana na mabenchi, hivyo kila aliyeingia alihesabiwa. Watu walikuja jioni, au hawakuja kabisa, na sisi kwenye ripoti tukaandika kwamba mwitikio wa jamii ni mdogo. Palepale, mama aliyetoka kujifungua alivuka sebule ya kusubiria, kanga zikiwa zimelowa damu, kwenda kutafuta maji ya kuoga. Choo na bafu la wazazi viwe na mlango wa ndani. Dirisha la dawa liwe na urefu ambao mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu anaonana na mtoa dawa. Na msisahau bibi anayemsindikiza mzazi: anahitaji jiko la kuchemshia uji na mahali pa kulala. Katika ramani nyingi nilizoziona huyu bibi hayupo, ila usiku utamkuta amelala koridoni.

Mkaazi wa Mji Mkongwe (Unguja)

Assalaam alaykum. Naongeza dogo. Huku kwetu baraza ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa njiani, na ndipo neno lilipotoka hadi likafika kwenye mikutano na serikali. Halibebeki, halivunjiki miguu, mgeni hukaa bila kuomba ruhusa. Jengeni baraza kuzunguka veranda na kuzunguka mkwaju wenyewe, mtaokoa fedha za mabenchi.

Katibu wa Kamati (Singida)

Ndugu zangu, nawashukuru. Jumamosi tulichora jengo kwa majivu, wakaja wanawake arobaini na wawili. Hatukumaliza dakika kumi kabla ya mama mmoja mtu mzima kusimama kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia na kuonyesha njia ya kwenda mnadani, hatua chache mbele yake, na kuuliza nani aliyepanga azalie mbele ya wauza ng'ombe. Katika mkutano wa hadhara mama huyo alikuwa amekaa mstari wa pili, na hakusema neno.

Mhandisi amekubali jengo ligeuzwe na veranda iwepo, ikiwa na ukuta wa kiunoni kama Dada Muuguzi alivyoshauri. Matundu juu ya lenta ameomba yaandikiwe barua, nayo imeondoka leo. Bafu la wazazi limeingia. Jiko la wasindikizaji tutalijenga wenyewe baadaye, kwa tofali zitakazobaki. Tatizo lililosalia ni mkwaju: kwa kuligeuza jengo umepona, lakini fundi wetu anasema mita nne kutoka msingini ni karibu mno kwa mizizi yake, na wazee wanasema hautaguswa. Tunakutana tena kiwanjani Alhamisi, na safari hii tutachimba tuione hiyo mizizi ilikopita.