Fomu ya upandikizaji mimba: kipi kinakubalika kidini?

Mikindani_Kwetu:
Assalaam aleykum wakuu. Mirija imeziba yote miwili, kliniki ya Dar imetoa fomu ya idhini ya upandikizaji mimba (yai na mbegu hukutanishwa maabara): yai la mchangiaji, tumbo la mwanamke mwingine la kubebea mimba, kugandisha viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) vinavyobaki. Ndoa ni ya mitala, na wazee wanashauri bi mdogo ambebee bi mkubwa, maana mume ni mmoja. Wengine wanasema mambo yote hayo ni haramu. Lipi sahihi?

Fiqhi_Kilwa:
Waaleykum salaam. Si yote. Baraza la Fiqhi (sheria za Kiislamu) la Jeddah, lilipokaa Amman Oktoba 1986, lilipitia njia saba, likakataza tano. Iliyobaki inayokuhusu ni moja: mbegu ya mume, yai la mke, kiinitete kirudi kwa mke huyohuyo, ndoa ikiwa hai. Yai la mchangiaji likateni kwenye fomu.

La bi mdogo lina historia. Baraza la Fiqhi la Makka liliwahi kuliruhusu mwaka 1984, mwaka uliofuata likaliondoa. Hoja ilikuwa kwamba bi mdogo naye ana mume. Anaweza kushika mimba yake mwezi uleule, wakazaliwa wawili isijulikane yupi wa nani. Tena Qur'ani 58:2 inamtaja mama kuwa ni yule aliyezaa. Wazee waambieni hivyo kwa adabu.

Kuhusu viinitete, azimio la Baraza la Jeddah la 1990 linataka yarutubishwe mayai ya kutosha tu. Mwambieni daktari kabla ya kuvuna mayai. Baada ya hapo mmeshachelewa. Mkigandisha, andikeni wazi kwamba mume akifa au ndoa ikivunjika havipandikizwi.

Maabara_Lindi:
Naongeza ya kitabibu. Kama mirija imejaa maji, ulizeni kwanza kuhusu kuikata au kuibana: maji yale yakivujia kwenye mji wa mimba hupunguza sana nafasi ya kiinitete kushika. Watu hulipia mzunguko mzima bila kuuliza hili.

Sindano ya mwisho, ya kukomaza mayai, hupigwa saa 34 hadi 36 kabla ya kuvuna. Ikichelewa, mayai hutoka machanga. Ikiwahi mno, yanaweza kuwa yameshaachiliwa. Mkihofia nasaba kuchanganyika, ulizeni kama kila chombo cha maabara kina majina ya wote wawili na kama mtu wa pili anashuhudia kila hatua.

Fiqhi_Kilwa:
Ikiangukia Ramadhani: sindano zisizo za lishe hazibatilishi saumu kwa rai ya wengi. Vidonge vya projesteroni (homoni ya kusaidia mimba kushika) vya ukeni ndivyo vyenye mvutano. Sisi Mashafi (wa madhehebu ya Imamu Shafi) tunaviona vinabatilisha, Baraza la Jeddah mwaka 1997 halikuona hivyo. Kama ni mara mbili kwa siku, daktari akikubali, weka baada ya magharibi na kabla ya alfajiri, uepuke ubishi.

Ndanda_Juu:
Kwa Wakatoliki watakaopita hapa: nyaraka za Vatikani Donum Vitae (1987) na Dignitas Personae (2008) zinakataa upandikizaji hata kwa mbegu na yai la wanandoa wenyewe. Zinazokubalika ni tiba zinazosaidia tendo la ndoa, kama dawa za kupevusha mayai na upasuaji wa kuzibua mirija. Hata kipimo cha mbegu kina njia yake bila kujichua: kondomu maalumu isiyo na dawa, itobolewe kidogo ili tendo lisifungwe mimba, itumike katika tendo lenyewe, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Kondomu za dukani huua mbegu, majibu yatakuja mabaya bure.