Majirani Kigongi Juu, Kabale, Uganda: hesabu ya safari ya Kigali

*Jumapili*

07:52 Mama Shamimu: Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi majirani wote. Tumerudi salama kutoka Kigali, tumshukuru Mungu. Lakini sijalala. Jana haikwenda vizuri na sitaki tuifunike kama tulivyozifunika zile pesa za mtumbwi wa ziwa Bunyonyi. Kabla watu hawajaenda kanisani au shambani naomba mambo mawili. Baba Faridi alete hesabu. Na tutafute tarehe nyingine ya kumrudisha Hajati Gisozi, kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari. Tuko 43 humu, semeni kitu.

07:53 Mama Shamimu: Na aliyebaki na thamosi yangu ya bluu airudishe.

08:40 Mama Shamimu: Tiki za bluu nazihesabu. Watu 19 mmesoma.

09:15 Isma: Mimi nilifika Amahoro jamani 😂 uwanja wa watu 45,000 na mmoja wao nimesimama nje ya geti na jezi ya Arsenal

09:16 Katongole: Na kwenye mkono imeandikwa tembelea Rwanda. Umetembelea

09:16 Isma: 😂😂😂

09:20 Mama Shamimu: Isma mwanangu, nimeuliza hesabu na tarehe.

10:02 Afande Okello: Habari za asubuhi. Ripoti yangu fupi. Kuondoka ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Tumeondoka saa moja na nusu. Tulikuwa tunamngoja mtu mmoja. Mimi saa kumi na dakika arobaini nilikuwa barabarani na kitambulisho mkononi. Ni hayo tu.

10:05 Mama Blessing: Afande 🫡

10:31 Rukia wa Katuna: Mimi nilitaka ninyamaze lakini wacha niseme. Hata kama mngeondoka saa kumi na moja bado mngekuta Kigali imefungwa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi kila mtu yuko na jembe au ufagio, maduka yamefungwa, magari hayatembei ovyo. Nilifanya biashara ng'ambo miaka sita, hadi mpaka ulipofungwa 2019. Niliwaambia. Niliandika humuhumu.

10:33 Mama Shamimu: Uliandika lini dada? Mimi sikuona.

10:58 Mwalimu Tumwine: Nimepanda juu nimeupata:

> *Rukia wa Katuna, tarehe 9:* Tarehe mliyochagua ni umuganda, sogezeni wiki moja nyuma. Pia msibebe kaveera, hii mifuko ya plastiki, kule zimekatazwa tangu 2008, watawanyang'anya mpakani. Na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.

Chini yake kuna jumbe 31 za mpira. Inaonekana ilikuwa usiku Arsenal inacheza.

11:00 Mama Shamimu: Dada Rukia naomba msamaha. Mimi ndiye nilitakiwa kuona.

11:04 Rukia wa Katuna: Mmoja tu ndiye alinijibu, Hajati. Alinipigia simu akaniuliza vizuri habari ya kaveera.

11:10 Mama Blessing: Banange zile kaveera! Mandazi yangu 60. Yule askari hakuwa na ubaya, alinisaidia kuyahamisha kwenye kitambaa, lakini watu wote kwenye foleni wakayaona na wote wakawa na njaa.

11:11 Katongole: Nilikula manne, ahsante

11:12 Mama Blessing: Ulikula saba Katongole

11:15 Mama Shamimu: Tafadhali. Nataka tuelewane mahali tulipopotezea muda, maana tukirudia makosa yaleyale Hajati hatafika tena. Mpakani tulifika saa mbili yetu. Isma akawa ana picha ya kitambulisho kwenye simu badala ya kitambulisho chenyewe, tukangoja shangazi yake amtume boda akilete. Saa nzima! Tukavuka saa tatu yetu, ambayo kwao ni saa mbili, ndiyo saa umuganda unaanza. Dakika ishirini mbele tukasimamishwa.

11:17 Dereva Siraji: Ni kweli mama. Na mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza kuendesha upande wa kulia. Usukani wangu uko ukingoni mwa barabara, kupita lori siwezi kuona mbele. Nilikwenda polepole kwa sababu nimebeba watu. Sijutii.

11:19 Mama Shamimu: Siraji wewe hukukosea. Ulitufikisha.

11:24 Mwalimu Tumwine: Pale tuliposimamishwa mimi nilishuka nikachukua jembe. Wanakijiji walikuwa wanazibua mfereji wa maji kando ya barabara. Hakuna aliyenilazimisha. Walipomaliza wakakaa chini ya mti wakaanza mkutano wao, mambo ya kijiji. Kwa kweli ile ndiyo sehemu ya safari niliyoipenda. Sisi hapa mfereji wa kwa Mama Blessing umeziba tangu mvua za mwezi wa tatu.

11:26 Mama Blessing: Asante mwalimu kwa kunikumbuka

11:27 Katongole: Umuganda Kigongi Jumamosi ijayo! Mandazi nani analeta

11:30 Mama Shamimu: Mfereji tutauongelea. Naomba tumalize la Hajati kwanza.

13:47 Mama Shamimu: Mmekwenda wapi?

13:47 Mama Shamimu: Baba Faridi naona uko hewani.

*Jumatatu*

06:30 Mama Shamimu: Habari za asubuhi. Naendelea. Kigali tumeingia saa sita na nusu ya kule. Tukaenda soko la Kimironko kula. Tukakubaliana wote turudi kwenye kosta saa nane. Nani aliuliza saa nane ya wapi? Hakuna. Simu zilijibadilisha zenyewe tulipovuka, saa za mkononi hazikubadilika. Afande, Hajati, mimi na akina mama wanne tukarudi kwa saa zetu za mkononi. Tukakaa ndani ya gari saa nzima tunawangoja wenye simu. Na wenye simu nao wakachelewa.

06:44 Afande Okello: Nilikuwa wa kwanza garini.

07:20 Isma: Mama hapo niseme ukweli. Tulikuwa watatu kule Remera uwanjani, pesa imebaki ya pikipiki moja. Hapa Kabale tungepanda mshikaki tukafika. Yule jamaa akakataa kabisa, abiria mmoja na kofia moja. Akanionyesha ile kofia. Tukatembea kwa miguu mpaka Kimironko

07:21 Katongole: Watatu kofia moja, mngeivaa kwa zamu 😂

07:21 Isma: 😂 tulimwambia hivyohivyo

07:26 Rukia wa Katuna: Mnacheka. Gari limetoka Kimironko saa tisa na dakika kumi. Siraji hajui njia, vilima vile na barabara za kwenda upande mmoja zikamzungusha. Mmefika Gisozi saa kumi na dakika kumi na saba. Kuingia mwisho ni saa kumi. Ninyi mlichelewa dakika kumi na saba, na zile dakika mlizila Kimironko.

07:30 Mama Shamimu: Ni mimi niliyesema tule kwanza. Nilihesabu kwamba mzee hawezi kuzunguka na njaa.

07:31 Rukia wa Katuna: Hajati alikuwa amefunga mama. Alikuwa analipa siku zake za Ramadhani. Aliniambia kwenye ile simu.

07:48 Mama Shamimu: Sikujua.

12:15 Mama Zaitun: Nimeona jumbe ni nyingi sana. Safari ni lini?

12:16 Katongole: Ilikuwa juzi mama

21:50 Baba Faridi: Majirani poleni, nilikuwa mazishini Rubanda hakuna mtandao. Nimesoma yote. Naona natajwa kwamba ndiye niliyewachelewesha asubuhi. Mke wangu alikuwa na homa, nilipita kwa daktari kwanza. Hakuna aliyepiga simu kuuliza. Hesabu hii hapa. Tulikwenda 21, wamelipa 18, kila mmoja 80,000, jumla 1,440,000. Kosta 1,100,000. Kadi ya njano ya bima 90,000. Chakula cha dereva 30,000. Zimebaki 220,000.

21:52 Mama Shamimu: Pole sana kwa mgonjwa Baba Faridi, kweli hatukujua. Kesho nitapita kumwona. Asante kwa hesabu. Hizo 220,000 naomba ziwe mwanzo wa safari ya Hajati. Unaweza kunitumia kwenye simu kesho?

22:10 Baba Faridi: Zipo. Ila nimezizungusha kidogo kwenye mbegu za viazi. Zitarudi mwisho wa mwezi.

22:11 Rukia wa Katuna: Mwisho wa mwezi.

22:11 Rukia wa Katuna: Hata za mtumbwi wa Bunyonyi ulisema mwisho wa mwezi.

22:13 Baba Faridi: Rukia ile habari ilikwisha. Mwenye mtumbwi hakurudisha arbuni, ningefanya nini?

22:14 Rukia wa Katuna: Haikwisha. Mwenye mtumbwi ni shemeji yangu. Alikurudishia kesho yake.

22:14 Isma: Eeeh

22:15 Katongole: Naleta njugu

22:16 Baba Faridi: *Ujumbe huu umefutwa*

22:19 Mama Shamimu: Naomba tulale. Kesho.

*Jumanne*

10:05 Hajati Zainabu: 🎤 *sauti, 3:12*

10:09 Mwalimu Tumwine: Bando langu limeisha, kuna anayeweza kutuandikia?

10:41 Shamimu: Niko na Bibi hapa. Nimeandika kama alivyosema:

*"Wanangu, Shamimu ananisomea mnavyoandikiana. Msigombane kwa jina langu. Mimi sikupanda gari kwenda kuona magorofa, wala soko, soko tunalo Kabale. Mariamu alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Aliolewa Nyamirambo. Nilimwona mara ya mwisho mwaka 1993, alikuja na mtoto mgongoni, tukabadilishana leso, akachukua yangu akaniachia yake. Tangu 1994 sijui amelala wapi. Nimeuliza sana. Nikaambiwa pale Gisozi wamezikwa watu zaidi ya 250,000, na kuna chumba kimejaa picha zilizopelekwa na ndugu zao. Nikasema basi nitapeleka ya Mariamu nao waiweke. Ninayo moja. Jumamosi ilikuwa kwenye mkoba wangu, nimeifunga ndani ya ile leso yake. Tulipokuta wamefunga nilisimama getini nikamsomea Fatiha, nikarudi kwenye gari. Safari nzima, kwenda na kurudi, hakuna aliyeniuliza nimebeba nini. Sisemi kwa hasira. Pesa za mtumbwi, pesa za viazi, hizo ni zenu, zimalizeni wenyewe. Mimi nina miaka sabini na saba. Nataka kumfikisha mdogo wangu."*

12:56 Mama Blessing: Maziwa ya leo yapo mwambieni m

12:56 Mama Blessing: *Ujumbe huu umefutwa*

12:57 Mama Blessing: Nisamehe Hajati. Nimekosea kikundi.

13:20 Afande Okello: Hajati. Nilikaa kiti cha nyuma yako safari nzima. Nisamehe.

13:31 Isma: Bibi ni mimi niliyekuchelewesha. Mara mbili, mpakani na uwanjani. Nitalipa nauli yako yote na nitakubebea mkoba

13:32 Shamimu: Bibi anasema mkoba atabeba mwenyewe. Nauli sawa.

14:05 Mama Shamimu: Nimelia hapa dukani mpaka mteja ameniuliza. Hajati, tumekuwa majirani miaka ishirini na mbili na sikuwahi kukuuliza habari za Mariamu. Sasa sikilizeni wote. Hatuendi na kosta tena, hatuendi na watu 21. Gari dogo, watu sita. Gisozi kwanza, chakula baadaye, soko hakuna. Kuingia ni bure, tunachohitaji ni nauli na mafuta. Nani anakwenda na tarehe ipi? Nataka majina leo.

14:06 Mama Shamimu: 1. Hajati 2. Mimi

14:30 Isma: 3. Isma. Kitambulisho chenyewe, siyo picha

14:52 Rukia wa Katuna: 4. Rukia. Nyamirambo naijua, nina wateja wangu wa zamani pale. Baada ya Gisozi nataka tupite kuuliza kwa wazee wa msikitini. Huenda mtu anamkumbuka mume wake.

14:53 Mama Shamimu: Mungu akubariki dada.

15:10 Rukia wa Katuna: Na ile picha ipigwe nakala kwanza hapa Kabale. Hajati asitoe ile moja aliyo nayo akabaki mikono mitupu.

15:12 Shamimu: Bibi amesema hilo hakuliwaza. Nitampeleka kesho kwa yule wa picha.

18:40 Mama Shamimu: Tarehe? Mimi naona Jumamosi ya pili. Siyo ya mwisho.

18:44 Mwalimu Tumwine: Jumamosi ya pili nina mitihani, lakini msinisubiri. Nitachangia 20,000.

19:02 Rukia wa Katuna: Ya pili nina mzigo wa kupokea. Ya tatu?

19:03 Mama Shamimu: Ya tatu ni harusi ya kwa Mama Zaitun.

19:05 Mama Zaitun: Harusi imesogezwa

19:05 Mama Shamimu: Imesogezwa lini?

20:38 Baba Faridi: Mama Shamimu, nimekutumia 100,000. Nyingine Ijumaa nikiuza gunia mbili. La mtumbwi nitakuja nyumbani kwako tuongee, siyo humu.

20:40 Mama Shamimu: Zimeingia. Asante Baba Faridi. Karibu.

20:41 Rukia wa Katuna: Na mimi nitakuwepo.

*Jumatano*

06:10 Mama Shamimu: Habari za asubuhi. Basi tushike Jumamosi ya tatu mpaka Mama Zaitun atuambie vingine. Nafasi mbili zimebaki, Afande nimekuwekea moja, nyingine bado. Siraji utapata gari dogo? Tunaondoka saa kumi na moja kamili.

06:55 Afande Okello: Nimeipata.

09:30 Dereva Siraji: Gari dogo lipo la rafiki yangu, namngoja aseme bei. Saa kumi na moja ya huku au ya kule?