Taarifa za moto wa nyika wakati bado unawaka: nani azihakiki kabla hazijasambaa?

Mkulima wa Amani (Muheza):

Wanajukwaa, salaam. Naandika kutoka Amani, ambako mashamba yetu ya iliki na mdalasini yamepakana na msitu wa hifadhi. Kijiji chetu kina kundi la WhatsApp lenye watu wapatao mia mbili. Lilianzishwa kwa ajili ya misiba na michango, lakini kila kiangazi hugeuka kuwa mbiu ya moto.

Februari iliyopita, saa nane mchana, iliingia picha ya moshi mzito ikiwa na maneno mawili tu: "Moto huku." Vijana kama thelathini walichukua mapanga na majembe, wakapanda bodaboda watatu watatu, wakakimbilia mashariki ya kilima kwa sababu mtu mmoja alidai kuutambua mwembe uliokuwa pichani. Mwembe aliutambua sawasawa, ila picha ilikuwa ya mwaka juzi. Moto wa siku ile ulikuwa upande wa pili, kwenye bonde lisiloshika mtandao, na tulipoufikia karibu na magharibi ulikwishakula mdalasini wa jirani yangu pamoja na mizinga yake sita ya nyuki. Aliyetuma picha hakuwa na nia mbaya. Aliipokea kutoka kwingine, akaona heri apige kelele kuliko anyamaze.

Nimesikia kwamba Marekani kuna programu ya simu iitwayo Watch Duty, inayoendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, na kwamba wananchi wa huko huitegemea moto unapozuka. Je, sisi tunaweza kuwa na kitu cha namna hiyo kwa uwezo wetu? Na zaidi ya yote, nani awe na kauli ya mwisho kwamba taarifa hii ni ya kweli na ile si ya kweli?

Mchora Ramani (Tanga Mjini):

Ndugu Mkulima, pole kwa jirani yako. Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, kwa hiyo nitaanza nalo.

Watch Duty ilianzishwa California mwaka 2021 na John Mills, na ni shirika lisilolenga faida. Wengi hudhani kuwa nguvu yake ni mitambo, lakini ukiitazama kwa karibu utaona kuwa nguvu yake ni watu, wakiwemo wazima moto wastaafu na waliokuwa wapokea simu za dharura, ambao husikiliza redio za zimamoto kwa zamu, hutazama kamera zilizofungwa vilimani, hushauriana wao kwa wao, kisha ndipo huandika. Mwananchi wa kawaida husoma tu. Hatupii picha humo kama tunavyotupia sisi kwenye makundi yetu. Wakati wa mioto ya Los Angeles ya Januari 2025, programu hiyo iliongoza kwa kupakuliwa miongoni mwa programu za bure kwenye simu za iPhone. Siku hizo hizo, tarehe 9 Januari, tahadhari rasmi ya kuwataka watu wajiandae kuhama ilikusudiwa mtaa mmoja ikafika kwa makosa kwenye simu za karibu kaunti nzima, yenye watu karibu milioni 10. Kwa hiyo hata serikali yenye fedha hukosea, na ndiyo maana anayetuma lazima pia awe tayari kufuta na kusahihisha mbele ya watu wote.

Kuhusu setilaiti, kuna huduma ya bure ya NASA iitwayo FIRMS, ambayo huonyesha alama za joto duniani kote, na unaweza kujiandikisha ikutumie barua pepe kila alama inapotokea katika eneo ulilolichagua. Hata hivyo, yafaa kujua mipaka yake. Chombo cha VIIRS, kilichobebwa na setilaiti, ambacho ndicho chenye jicho kali zaidi kati ya vile vinavyotumika humo kila siku, hupita juu yetu kwenye saa saba na nusu mchana na tena saa saba na nusu usiku, na taarifa yake huweza kuchukua hadi saa tatu kufika mtandaoni. Moto wako wa saa nane mchana ulianza pengine chombo kikiwa kimeshapita. Isitoshe, kila alama ni katikati ya mraba wenye upande wa meta 375, yaani kama ekari 35 za shamba. Ukienda kwenye nukta yenyewe unaweza kukuta mtu anapalilia kwa amani huku moto uko nyuma ya kilima. Setilaiti ya Meteosat hupiga picha ya Afrika kila baada ya dakika 15 au pungufu, lakini kwayo moto wa shambani ni kama kibiriti kilichowashwa mbali. Na mawingu ya Usambara mnayajua wenyewe.

Kwa hiyo huku kwetu jicho la kwanza litabaki kuwa la mtu. Setilaiti itawasaidia usiku, kujua kama moto mliodhani umekufa bado una uhai.

Bwana Misitu Mstaafu (Lushoto):

Nimefanya kazi ya misitu miaka mingi, kwa hiyo naomba niongeze jambo ambalo vijana wa ramani hulipita haraka.

Mioto mingi ya kwetu huanzia mikononi mwa mtu anayefahamika: anasafisha shamba, analina asali kwa mwenge, au anachoma mkaa. Jirani yake humwona mapema kabisa, dakika kumi za kwanza, wakati ambapo watu wanne wenye matawi mabichi wangetosha. Hasemi. Hasemi kwa sababu swali la kwanza atakaloulizwa si "uko wapi?" bali "nani kawasha?", na hataki kuwa shahidi dhidi ya mkwewe. Mkiunda mfumo wenu, tenganisheni mambo haya mawili kabisa: anayepokea taarifa ya moto asiulize jina la aliyewasha, wala asiliandike. Uchunguzi una wenyewe na una siku yake. Mkishindwa hilo, hata mkipewa kamera za California zote, taarifa zitaendelea kuwafikia moto ukiwa mkubwa.

La pili ni lugha. "Moto huku" si taarifa. Wafundisheni watu kutaja jina la mahali linalojulikana na kijiji kizima, upepo unaelekea wapi, unachokichoma (nyasi, vichaka au miti), na saa aliyouona yeye mwenyewe kwa macho yake, siyo saa aliyopokea ujumbe. Mtu akishindwa kuitaja saa hiyo, ujue hakuuona.

Binti Pangani:

Shikamoo Bwana Misitu. Nakubaliana na maneno yako, nami naongeza ya huku kwetu, karibu na Hifadhi ya Saadani. Tulijaribu kufuata alama za setilaiti kwa msimu mmoja, tukakimbizana bure mara tatu, kwa kuwa wahifadhi nao huchoma nyasi kwa mpango maalumu mwanzoni mwa kiangazi, ili zisije zikawaka zenyewe zikiwa zimekauka kabisa. Setilaiti haijui moto wa mpango na moto wa bahati mbaya. Tangu hapo mmoja wetu ana namba ya simu ya askari wa hifadhi wa zamu, naye humpigia kabla ya kuandika chochote.

Jambo jingine ni kwamba nusu ya wanaouona moto mapema, yaani wachungaji na akina mama wanaokata kuni, wana simu za kitochi. Hao hupiga simu au hubipu, na mtu wa zamu huwapigia. Kwenye kutangaza tunatumia kipaza sauti cha msikiti pamoja na ujumbe mfupi wa kawaida, kwani bando huisha na moto haungojei mtu anunue jingine. Zimamoto tunawapigia 114, ijapokuwa gari huchukua muda kufika kwenye vijiji visivyo na barabara ya maana.

Mkulima wa Amani (Muheza):

Nawashukuru nyote. Bwana Misitu, kwenye shikamoo ya Binti Pangani naongeza na yangu. Tumekutana jana na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Kundi la misiba litabaki la misiba. Tumefungua jingine ambalo watu watano tu ndio wenye ruhusa ya kuandika, na wanakijiji wengine husoma; mwenye habari humpigia mmoja wa watano, naye huthibitisha kwa mtu wa pili aliye upande mwingine wa kilima kabla ya kutuma. Tumekubaliana pia kwamba kila tangazo lifungwe kwa ujumbe wa mwisho, "umezimwa" au "haukuwa moto", kwa sababu mwaka huu watu walilala na viatu miguuni usiku mzima wakisubiri kuambiwa.

Mtendaji ana hofu na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Je, tukikosea tutashitakiwa?

Mchora Ramani (Tanga Mjini):

Mimi si mwanasheria. Kifungu cha 16 kinamlenga anayechapisha jambo akijua kuwa ni la uongo na kwa nia ya kupotosha. Wekeni daftari: nani alipiga simu, saa ngapi, nani alithibitisha. Daftari hilo litawafaa pia mkitaka kujua baadaye mlichelewa wapi.

Bwana Misitu Mstaafu (Lushoto):

Katika daftari hilo, safu ya "nani kawasha" isiwepo. Halafu zamu ya mchana, kuanzia saa sita hadi saa kumi upepo unapokuwa na nguvu, msimpe mtu ambaye shamba lake liko kwenye lile bonde lisiloshika mtandao.