Naomba ushauri: mkono wa baba umetulia, sauti imefifia

Shikamooni wakubwa zangu, wenzangu habari. Niko Mikindani, Mtwara. Baba ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaoleta mtetemeko. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji India, akawekewa kifaa cha kutuliza mtetemeko kwa umeme: nyaya nyembamba ndani ya ubongo na betri chini ya ngozi ya kifua. Mkono uliokuwa ukimwaga chai sasa unashika kikombe bila kutikisika. Alhamdulillah.

Tabu ni kuzungumza. Sauti imekuwa ndogo, maneno yanashikana. Juzi shangazi alipiga simu kutoka Newala, akadhani mtandao mbovu, akakata. Baba alibaki ameishika simu sikioni, kimya. Tangu siku hiyo ikiita ananisukumia mimi, na barazani hakai tena, yeye aliyekuwa msemaji wa baraza zima!

Naelewa umeme wa kifaa ukirekebishwa usemi unaweza kupata nafuu, ila mtetemeko nao unaweza kurudi. Waliopitia haya, mlirekebishiwa wapi hapa nchini? Huku Kusini kuna mtaalamu wa tiba ya usemi? Mazoezi ya kupaza sauti nyumbani yaliwasaidia? Siku hizi hata maji yanampalia, nami hilo linanitia hofu zaidi.