Mrejesho: watoto wameongoza mchango wenyewe

Ndugu zangu, niliuliza kama watoto wa miaka 9 hadi 12 wanaweza kuongoza mchango wa pesa za vitabu vya maktaba. Mlinishauri niwaachie daftari la hesabu, mtu mzima atunze kisanduku tu. Nikafanya hivyo. Mweka hazina wao, binti wa miaka 10, alimsomea kila mchangiaji kiasi alichoandika kabla hajaondoka. Siku moja hesabu ikagoma. Wakakaa sakafuni, wakapanga sarafu mafungu mafungu, wakahesabu mara 3, kumbe mchango mmoja uliandikwa mara mbili. Nilijikaza nisiingilie, na haikuwa rahisi! Wamepata robo tatu ya lengo. Wameamua wenyewe kuanza na vitabu vya wadogo wanaojifunza kusoma. Asanteni sana.