Maoni yetu "ni muhimu", halafu dodoso lenu linafunika kitufe cha kutuma

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Nina steshenari hapa Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka mwaloni. Fotokopi, picha za paspoti, na kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni. Siku za mbalamwezi ndiyo nafurika wateja, maana dagaa huvuliwa kwa taa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika na watu wanakumbuka makaratasi yao.

Juzi kaja mama mmoja mchuuzi wa dagaa, anataka kibali kwenye tovuti ya taasisi fulani ya serikali. Siitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Tukaanza saa nne asubuhi. Fomu ina kurasa tano. Ukurasa wa tatu, namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini aliyojisajilia, na laini hiyo anatembea nayo kijana wake, yuko kisiwani Ukara. Tunapiga, hapatikani. Akipatikana, anatusomea namba, muda wake umeshapita. Tunaomba nyingine. Mara ya tatu ikakubali, nikashangilia kama Simba wamefunga (Yanga mnisamehe).

Ukurasa wa tano. Umeme ulishakatika, natumia simu. Kitufe cha "Tuma" nakiona pale chini, nashusha kidole, na dodoso hilo hapo: "Maoni yako ni muhimu kwetu! Tupe nyota." Limekaa juu ya kitufe. Kale ka-eksi ka kulifunga kako nje ya kioo, geuza simu utakavyo hukapati. Nikabonyeza nyota moja ili liondoke. Ukurasa ukarudi mwanzo, fomu nyeupe, hata jina la mama halipo.

Mama akaniangalia. "Mwanangu, nimekosea wapi mimi?"

Wakuu, hapo ndipo niliposhindwa kujibu.

Tuache hata hilo dodoso kufunika kitufe, hiyo ni kazi ya nusu saa kurekebisha. Swali langu: mnamuuliza nani? Dodoso linatokea ukurasa wa mwisho tu. Aliyekwama kwenye namba ya uthibitisho halioni. Ni sawa na kusimama gatini Nansio unawauliza wanaoshuka melini kama walipata tiketi. Lazima wote watakwambia ndiyo! Walioachwa Mwanza hukuwauliza.

Wenzetu Uingereza, tovuti yao kuu ya serikali ina swali fupi chini ya ukurasa: umekusaidia au la, na pembeni sehemu ya kuripoti tatizo. Linakaa kimya chini kule, halikurukii. Na huduma zao za mtandaoni hutakiwa kupima wangapi walioanza wamefika mwisho, siyo kuridhika peke yake. Hicho cha kufika mwisho ndicho ninachokililia mimi. Hakihitaji nyota ya mtu, kompyuta yenyewe inahesabu.

Na msije na habari ya bajeti. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kufanya tovuti ziwe rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwatazama watumiaji 5 tu wakihangaika na tovuti yako, utaona karibu asilimia 85 ya matatizo yake. Watano! Mimi kwenye benchi langu siku ya mbalamwezi nao hawa hapa kabla ya saa tatu, hawataki posho wala ukumbi wa hoteli. Njooni na daftari, mkae nyuma yao, mnyamaze. Mkiona mtu anasogeza kidole kwenye kioo bila kubonyeza, andikeni hapo.

Wenye vitochi nao wana maoni. Serikali hiyohiyo ina menyu ya kubonyeza *152*00#, watu wanapata huduma bila hata bando, kwa hiyo msituambie haiwezekani kumfikia mtu asiye na barua pepe.

Jana mama karudi. Namba ya uthibitisho haikuja kabisa. Akasema basi nimwandikie malalamiko yake, maneno yake mwenyewe, nikayaandika yote kwenye kisanduku kingine cha maoni cha tovuti hiyohiyo, nikabonyeza tuma.

"Tafadhali ingia kwanza kwenye akaunti yako."